Kitu Kilichokuja Mwezi wa Pili

Dada yangu Kebadire hakuzaliwa mgomvi. Watu wa Mahalapye, mji wetu hapa Botswana, wanaomwona leo akiingia hospitalini, manesi wakaanza kuangaliana, wanadhani ndivyo alivyo. Sivyo. Kwa miaka ishirini alikaa nyuma ya meza katika ofisi ya mifugo akiandika vibali vya kusafirisha ng'ombe, na sikuwahi kumsikia mteja hata mmoja akilalamika kwamba amejibiwa vibaya. Waliomfanya mgomvi ninawajua kwa majina. Mmoja wao ni mimi, kwa hiyo nitasimulia bila kujipendelea.

Mtoto wake wa pekee anaitwa Sethunya. Alichelewa kusema, na alipoanza alianza na sentensi nzima. Alikuwa na miaka minne, tumekaa tunakula, akasema, "Kijiko hiki siyo changu, changu kina mkwaruzo." Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Alipofika miaka tisa, daktari mmoja aliyekuwa akizunguka wilayani alituambia ana usonji. Kebadire alimsikiliza, akauliza maswali matatu, akarudi nyumbani akapika. Kwetu halikuwa janga. Tulishamzoea. Hamwangalii mtu usoni, hapendi kushikwa mabega, taa ndefu za ofisini zinamuumiza kwa sababu anazisikia zikilia, na ukimwambia utarudi saa tisa basi uwe umerudi saa tisa.

Baada ya masomo alikuwa anakwenda kukaa ofisini kwa mama yake na daftari la chapa. Kwetu kila mwenye ng'ombe ana chapa yake iliyoandikishwa, herufi na alama, na haifanani na ya mtu mwingine. Sethunya alizisoma kama wenzake wanavyosoma majarida. Alipofika miaka kumi na miwili wazee walikuwa wakileta karatasi moja kwa moja kwake, wanampita mama yake.

"Mjukuu wangu, hii ya nani?"

"Ya Rra Moatlhodi wa Shoshong," anajibu bila kuinua kichwa; kwetu Rra ni bwana, Mma ni mama. "Ila aliyechoma ameigeuza miguu juu."

Wanacheka, wanaondoka wameridhika. Yeye hacheki, lakini vidole vyake vinacheza pembeni mwa meza, na sisi tunajua hiyo ndiyo furaha yake.

Kisha akafaulu kwenda kidato cha nne, na nafasi ikatoka katika shule ya bweni kule Palapye.

Mimi ndiye niliyesema aende. Kebadire alisita, nikamwambia, "Dada, hutamfungia ofisini maisha yake yote. Akachanganyike na wenzake." Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua mambo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, watu huwa wananiamini.

Bwenini walilala wasichana arobaini chumba kimoja. Kengele ilikuwa ya chuma, inagongwa mlangoni. Siku ya tatu wakaanza kumwigiza anavyoongea. "Roboti kaamka." "Sethunya, cheka basi tuone meno." Walimfichia viatu, kisha wakamwangalia akivitafuta kwa mpangilio, kitanda baada ya kitanda, nao wanahesabu kwa pamoja. Msichana mmoja alimwambia kitu ambacho tulikuja kukijua baadaye sana: kwamba mama yake alimleta bweni ili apumzike kumlea, kwa sababu yeye ni mzigo.

Sethunya huchukua maneno jinsi yalivyo. Aliliamini hilo kama anavyoamini ratiba ya basi.

Mwezi wa nne akaanza kutapika kila Jumapili kabla ya kurudi shule. Tukadhani ni nyama. Kisha akaacha kula nyama, akaacha kula karibu kila kitu isipokuwa magwinya, yale maandazi ya pale kituo cha basi, nayo nusu. Akirudi nyumbani analala mchana kutwa, uso ukutani. Daftari la chapa hakuligusa. Mama yake alilileta nyumbani makusudi akaliweka mezani, na likakaa pale majuma mawili.

Siku moja ya mwanzo wa mwezi wa sita, baridi kali, tumekaa tunakula uji wa mtama na mboga, akasema kwa sauti yake ileile ya siku zote, "Nimehesabu. Ni siku mia moja na kumi na mbili sitaki kuamka."

Nilimjibu mimi. Mama yake alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo, mimi nikawahi. Nikasema, "Acha maneno hayo mbele ya chakula."

Akaacha. Hakusema neno lingine kwa siku tano.

Tulimpeleka hospitali. Kulikuwa na mwanasaikolojia, Bwana Ntsima, shati limenyooshwa vizuri, cheti ukutani. Alituruhusu mimi na Kebadire tukae pembeni. Taa iliyokuwa juu ya meza yake ilikuwa ndefu, na inalia, na kwa mara ya kwanza hata mimi niliisikia.

"Unajisikiaje, Sethunya?"

"Wapi?"

"Ndani."

"Ndani ya chumba hiki?"

"Ndani yako."

Tulimwona anatafuta jibu kweli, amefumba macho. "Tumbo liko juu kuliko kawaida," akasema.

Bwana Ntsima akamwangalia Kebadire kana kwamba yeye ndiye aliyemfundisha mtoto utani. "Niangalie ninapoongea na wewe."

"Nikikuangalia sisikii unachosema."

"Jaribu. Haya, kutoka moja mpaka kumi, huzuni yako ni ngapi?"

"Kumi ni ya nani?"

"Una maana gani?"

"Kumi ni huzuni ya mtu gani? Sijawahi kuwa na ya mtu mwingine. Sina cha kulinganisha."

Nimefundisha watoto miaka kumi na saba, na sijasikia swali la haki kuliko hilo. Yule bwana alifunga kalamu. Akamwambia Sethunya asubiri nje, kisha akatugeukia akiwa na sura ya mtu anayetufanyia hisani.

"Mma Sethunya, nitakuwa mkweli kwako. Tiba ya mazungumzo ni kwa mtu anayeweza kuzungumzia hisia zake. Mtoto wa usonji hana mlango huo. Mnachokiona ni usonji wenyewe. Katika umri huu usonji huwa unazidi. Arudi shule, azoee."

"Anasema hataki kuamka," Kebadire akasema. "Mwaka jana hakusema hivyo."

"Wanarudiarudia maneno. Wanayasikia mahali."

Kwenye kadi aliandika: *Hashirikiani. Tabia za usonji. Hafai kwa tiba ya mazungumzo.* Tukashukuru. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Tulisimama, mimi na dada yangu, tukapiga magoti kidogo kwa heshima, tukamshukuru. Nje Sethunya alituambia mazungumzo yalichukua dakika kumi na moja.

Jumapili iliyofuata Kebadire alikuwa kazini, kulikuwa na mnada. Mimi ndiye niliyempeleka Sethunya kituo cha basi. Niligeuka kununua tiketi. Nilipogeuka tena, begi lipo, yeye hayupo.

Sitasimulia saa mbili zile. Nilikimbia mji mzima kwa viatu vya kanisani. Niliuliza kwa wauza matunda, niliangalia vyoo vya kituo, nilipita kando ya reli nikiwa sitaki kutazama relini. Nilimkuta kwenye mazizi ya kupakilia ng'ombe, nyuma ya stesheni. Mazizi yalikuwa matupu. Alikuwa ameketi ndani ya ile njia nyembamba ya mbao wanayopitishiwa ng'ombe, mahali ambapo mbao zinakubana pande zote mbili, mikono masikioni.

Niliketi chini upande wa pili wa mbao. Nilitaka kumfokea. Kitu kikanizuia, labda ni pumzi tu zilikuwa zimeniishia. Akaanza yeye.

"Mama mdogo, yule bwana amekosea."

"Amekosea nini?"

"Usonji ninao tangu nizaliwe. Hiki kimekuja mwezi wa pili. Kitu kilichokuja mwezi wa pili hakiwezi kuwa kitu nilichozaliwa nacho." Akashusha mikono. "Mimi siumwi kuwa mimi. Naumwa kitu kingine, na kila nikikisema mnaniambia ni mimi."

Nilikaa pale nimeshika ubao. Mtoto wa miaka kumi na sita alikuwa ametoa maelezo bora ya ugonjwa wake kuliko mtu yeyote mwenye cheti ukutani, na alikuwa ameyatoa ndani ya njia ya ng'ombe kwa sababu hakuna mahali pengine walipomsikiliza. Nami nilikuwa miongoni mwa wasiomsikiliza.

Nilimrudisha nyumbani. Nilimrudia Kebadire maneno yale neno kwa neno. Hakulia. Aliniomba niyarudie tena, polepole, naye akaandika. Tangu siku ile hatukumwacha Sethunya peke yake; daima alikuwa na mmoja wetu au jirani, na shuleni hakurudi.

Jumatatu asubuhi Kebadire hakwenda kazini. Alikwenda hospitali, nami nyuma yake. Hakukaa kwenye foleni. Aligonga mlango wa Bwana Ntsima, akaingia, akaweka kadi mezani.

"Futa," akasema.

"Mma, kuna mgonjwa humu."

"Nitasubiri atoke. Mimi sitoki." Mgonjwa, mwanamume mmoja wa makamo, aliinuka mwenyewe akasema atarudi. Kebadire akaketi kwenye kiti cha yule mgonjwa. "Rra, mimi nafanya kazi ofisi ya mifugo. Ng'ombe akiletwa anachechemea, namwita daktari wa mifugo amwangalie mguu. Sijawahi kuandika kwenye fomu kwamba kuchechemea ni tabia ya ng'ombe."

"Unamfananisha mwanao na—"

"Nakufananisha wewe na mimi. Mimi nina cheti cha miezi tisa."

"Nimesoma miaka saba, Mma."

"Naye ameumwa siku mia moja na ishirini na sita, amezihesabu. Wewe ulimpa dakika kumi na moja, nazo amezihesabu. Jana tulimtafuta kando ya reli. Unaelewa ninachokwambia? Kando ya reli. Ungemwandikia nini leo, kwamba hashirikiani?"

Bwana Ntsima alisema asipandishiwe sauti. Kebadire hakuwa amepandisha sauti. Ilikuwa chini kiasi kwamba ilibidi niegemee mbele kuisikia. Alisema kama hospitali hii haina tiba ya mtoto wake, anataka iandikwe hivyo, kwamba hospitali haina, isiandikwe kwamba mtoto hafai. Yule bwana akasema yeye haandiki anachoamriwa na wazazi. Kebadire akachukua kadi yake, tukatoka.

Barazani tulifuatwa na nesi mmoja, mwanamke mnene mwenye sweta la kijani juu ya sare. Alijitambulisha: Nesi Segokgo, wa kitengo cha afya ya akili. Alikuwa amesikia, ukuta ni mwembamba.

"Nilisomea tiba ya mazungumzo kidogo, kozi ya mwaka mmoja," akasema. "Sijawahi kufanya na mtoto mwenye usonji. Inawezekana nikaharibu."

"Ukiharibu utasema umeharibu?" Kebadire akamuuliza.

"Nitasema."

"Basi lini?"

"Alhamisi, saa tisa."

Aliharibu Alhamisi ya kwanza, na alisema. Alimletea Sethunya kadi zenye nyuso zilizochorwa, ya furaha, ya hasira, ya huzuni, achague ya kwake. Sethunya aliziangalia zote, mbele na nyuma, akauliza, "Hawa ni akina nani?" Nesi Segokgo akacheka mpaka sweta likatikisika, akazitupa kwenye droo. "Sijui, mwanangu. Hata mimi siwajui."

Alhamisi ya pili alizima taa, akafungua pazia. Akasogeza viti vyote viwili vitazame dirishani, bega kwa bega, pasiwe na haja ya kutazamana. Aliandika kwenye karatasi yatakayofanyika, kwanza hili, kisha hili, tunamaliza saa tisa na dakika arobaini, na akamaliza saa tisa na dakika arobaini. Badala ya kuuliza unajisikiaje aliuliza mwili unafanya nini, kuanzia kichwani kushuka. Na alimwachia kalamu. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Sethunya aliandika kurasa mbili kabla ya muda kwisha, mtoto asiyekuwa na mlango.

Sikuwemo chumbani. Haya nimeyapata kwa Sethunya, naye hatii chumvi. Alhamisi ya nne alianza kuchora chapa pembeni mwa maandishi yake. Nesi akauliza ni za nini. Sethunya akamweleza: kwenye zizi lako anaweza kuingia ng'ombe wa mtu mwingine, akala majani yako, ukamlisha mwaka mzima ukidhani wako, mpaka umwangalie chapa.

"Na hili hapa," nesi akasema, akiweka kidole kwenye mstari uliosema *mimi ni mzigo*, "lina chapa ya nani?"

Sethunya alilichukua swali nyumbani. Alijibu wiki iliyofuata. Alikuja na karatasi ya mawazo yake yote, mistari thelathini na mmoja, kila mmoja na alama. Saba zilikuwa za yule msichana wa bwenini. Nne za matroni. Tisa alisema ni zake mwenyewe lakini amezipata akiwa hajalala vya kutosha, kwa hiyo zipimwe upya. Zangu zilikuwa tatu. Aliniambia hilo jikoni, ninamenya maboga, bila chuki yoyote. "Mama mdogo, zako ni tatu. Ya mbele ya chakula ndiyo kubwa." Nilimwambia ninaifuta. Akasema, "Huwezi kufuta, lakini unaweza kusema ilikuwa kosa." Nikasema ilikuwa kosa. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuandika.

Haikuwa dawa ya siku moja. Kulikuwa na Alhamisi alizotoka amenyamaza, na moja aliyokataa kutoka chumbani kwake, Nesi Segokgo akaja nyumbani akakaa nje ya mlango akipitisha karatasi chini yake. Lakini mwezi wa nane alianza kula nyama. Mwezi huohuo alimkosoa mama yake kuhusu kibali kilichoandikwa wilaya siyo, na Kebadire akaenda kusimama nyuma ya nyumba peke yake kwa muda.

Baada ya Alhamisi tisa wakamhamisha Nesi Segokgo kwenda Ghanzi, upande wa pili wa nchi.

Hakuna aliyefanya kosa, walisema. Ni uhamisho wa kawaida, watumishi wa serikali huhamishwa. Mkubwa wa hospitali alimweleza Kebadire kwa upole kwamba, zaidi ya hayo, nesi alikuwa akitumia karibu saa nzima kwa mgonjwa mmoja huku foleni iko nje. Kebadire akamuuliza kama mtoto angevunjika mguu, na kuunga kukachukua saa nzima, wangemfunga nusu ya mguu. Mkubwa akasema siyo kitu kimoja. "Najua siyo kitu kimoja kwenu," dada yangu akajibu. "Ndiyo maana niko hapa."

Alikuwa pale kila Jumatatu kwa miezi mitatu. Aliandika barua, na anajua kuandika barua, maana maisha yake yote ni fomu. Aliomba nakala ya kadi, akaomba jina la aliyesema usonji na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ni kitu kimoja, akaomba ionyeshwe imeandikwa wapi. Hawakupata pa kuionyesha. Hatimaye mkubwa alichukua kadi, akapiga mstari juu ya maneno ya Bwana Ntsima, akaandika chini yake: *Sonona na hofu kwa kijana mwenye usonji. Anatibiwa kwa mazungumzo. Ameonyesha maendeleo.* Akasaini. Bwana Ntsima bado yupo, bado na cheti chake. Hajawahi kuomba radhi. Tukikutana dukani anasoma pakiti za sukari.

Mazungumzo yenyewe yanaendelea kwa simu, kwa kuandikiana, Alhamisi saa tisa, Nesi Segokgo akiwa Ghanzi na Sethunya kitandani kwake, pazia wazi. Hawajapewa ruhusa na hawajaiomba. Sethunya anasema kwa kuandika ni bora zaidi, hakuna uso wa kuukwepa. Amehamia shule ya kutwa hapahapa mjini, amerudia kidato cha nne. Ana siku mbaya. Anazitambua zinapokuja na anatuambia mapema, kama anavyotuambia ratiba, nasi tunakaa karibu.

Hasira yangu haijaisha, na sitaki iishe. Ninawafikiria walioandikiwa neno lile, hafai, wasiokuwa na mama anayejua kusoma fomu.

Mwezi uliopita alikuja mwanamke kutoka Shoshong, amesikia habari za Kebadire kwa watu. Ana binti wa miaka kumi na minne ambaye hajatoka ndani tangu Pasaka. Alikaa ukingoni mwa kiti, akashika chai bila kuinywa.

"Wameniambia nisubiri akue," akasema. "Wanasema akikua itapita."

"Ni nani amekwambia hivyo?" Kebadire akauliza. "Jina."

Yule mwanamke akalitaja. Dada yangu akaliandika, akaweka kalamu mezani, akaenda chumbani kutafuta viatu.